Simu Moja, Midomo Miwili

Nilipoanza kazi ya kupokea simu mjini Nairobi nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na kilichonipatia kazi ile ni sauti yangu. Karani mkuu wa kampuni alinisikiliza nikisoma gazeti, ukurasa mmoja kwa Kiingereza na mwingine kwa Kiswahili, akasema, "Wewe watu watakuelewa hata laini ikiwa mbaya." Jumatatu iliyofuata nikaketi mbele ya swichibodi, ubao wa matundu na nyaya uliopitisha kila simu iliyoingia au kutoka. Tuliuza mashine za kilimo na vipuri vyake, katika orofa ya pili ya jengo lililokuwa karibu na soko kuu.

Tulikuwa wanawake wawili kwa kiti kimoja. Mimi nilishika asubuhi, mwenzangu akashika kuanzia saa saba mchana. Yeye alikuwa mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Riruta, akiishi pande za Satellite pamoja na mama yake mzazi, kwenye kipande cha shamba la familia chenye ng'ombe mmoja na migomba. Mimi nilikuwa mtoto wa Mombasa. Baba yangu alihamishiwa Nairobi kikazi, tukapata nyumba Jamhuri, na hata baada ya miaka sita mama yangu alikuwa bado anauita mji huu "huku kwao." Mwenzangu ndiye aliyenifundisha kazi: namna ya kushika simu tatu kwa pamoja bila kuchanganya, namna ya kumtuliza mkulima aliyepiga kutoka mbali huku trekta lake limelala shambani. Nilimwita dada. Yeye aliniita mtu wa pwani, hasa nilipolalamika baridi.

Baridi yenyewe ilikuwa ile ya Julai, ya mwaka ambao binadamu walikanyaga mwezini. Na mafua yalikuja nayo. Mafua tuliyazoea, lakini haya yalikuwa mengine. Mtu alikuwa mzima asubuhi, jioni hawezi kuinua kichwa. Redio ilisema ugonjwa umeenea nchi nyingi, watu wanywe maji mengi na wasijazane mahali pamoja. Mjini kila mtu alikuwa na maelezo yake. Muuza magazeti wa mlangoni petu alishikilia kwamba ni vumbi la mwezini, lililoletwa na wale waliokwenda kuchokoza kisichowahusu. Nilicheka, lakini niliona watu wakimsikiliza.

Kidogo kidogo desturi zikabadilika bila mtu kutoa amri. Kwenye basi la Ngong Road abiria walifungua madirisha yote na kukaa wakitetemeka, kila mmoja na leso yake puani. Msikitini, baba alisema, watu waliokuwa wakipeana mikono baada ya swala sasa waliweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa. Kanisani kwa mwenzangu kulizuka mabishano juu ya kikombe kimoja cha Meza ya Bwana. Wengine walitaka kila mtu aje na chake. "Mama yangu amesimama mbele ya wote," aliniambia, "akasema yeye amekunywa hapo miaka arobaini na atakunywa tena. Akanywa. Na wale wenye vikombe vyao wakaona haya."

Nyumbani mama alifukiza ubani asubuhi na jioni. Alitutengea vikombe, kila mtu chake, akavifunga uzi wa rangi mbalimbali kwenye vishikio vyake ili tusikosee. Majani ya mikaratusi tuliyachuma karibu na uwanja wa maonyesho, akayachemsha, tukajifunika blanketi juu ya sufuria hadi jasho likatutoka hata kwenye kope.

Kazini amri zilitoka Karen. Meneja wetu alikuwa na nyumba kubwa huko, na wiki ya pili ya ugonjwa aliacha kabisa kuja mjini. Akatawala kwa simu. Kila asubuhi saa tatu taa yake iliwaka kwenye ubao wangu, na kabla ya kuomba kuunganishwa na karani mkuu aliniuliza mimi kwanza, "Nani anakohoa leo?" Sikupenda swali lile. Nilijibu kwamba sijui, ninasikia simu tu.

Amri zake zilikuwa tatu. Madirisha yawe wazi kutwa. Anayekohoa aende nyumbani, asirudi bila barua ya daktari. Na ya tatu ilituhusu sisi wawili. Kampuni ilikuwa na chombo kimoja tu cha kichwani cha kupokelea simu, chenye sikio la kusikilizia na kidomo cha kusemea kilichokaa karibu kabisa na mdomo. Kila wakati wa kubadilishana zamu, anayetoka akipanguse kwa pamba na spiriti, anayeingia akiona kwa macho yake. Chupa ya spiriti ikawekwa juu ya ubao. Mwenzangu alipenda kunitania: "Panguza vizuri, mtu wa pwani. Huko ndani kuna vitunguu saumu vya mama yako." Nami nilipangusa huku tukicheka.

Nilikuwa katika mwezi wangu wa tatu, wa mwisho wa majaribio. Karani mkuu alikuwa ameshanionya kwa upole kwamba mtu wa majaribio akikosa siku nyingi, kampuni humfikiria upya. Kijana mmoja wa stoo alikuwa amekohoa wiki iliyotangulia, akatumwa nyumbani, na nafasi yake ilijazwa kabla hajapona. Hilo lilinikaa kichwani.

Alhamisi moja niliamka mwili umekuwa mzito, na koo kama nimemeza mchanga. Mama alinigusa shingo kwa nyuma ya kiganja.

"Leo huendi," alisema.

"Mama, imebaki wiki moja nithibitishwe."

"Kazi itakuwepo."

"Haitakuwepo."

Alinitazama, kisha akaenda jikoni. Alirudi na tangawizi iliyochemshwa na karafuu chache kavu zilizokunjwa kwenye kitambaa. "Weka moja chini ya ulimi," alisema. "Kikohozi kikija, iume." Hakuwa ameridhika. Alinipa tu kwa sababu aliona nitakwenda vyovyote.

Ile asubuhi niliiuma karafuu hadi ulimi ukafa ganzi. Kikohozi kilipopanda nilifunga laini, nikainama kana kwamba naokota kitu, nikakohoa kwenye shali langu. Meneja alipouliza nani anakohoa, nilimwambia sijui. Safari hii lilikuwa jibu la uongo. Kufikia saa sita taa za ubao zilikuwa zinaogelea mbele ya macho yangu, lakini niliendelea, "Habari za asubuhi, nikuunganishe na nani?" kwa sauti niliyodhani ni ileile ya kila siku.

Karibu saa saba mwenzangu alipiga kutoka duka moja la Dagoretti Corner. Basi lilikuwa limeharibika. "Nishikie kidogo, nakuja," alisema. Nikamjibu asijali. Tulisema maneno machache tu.

Alifika saa nane kasorobo, anahema kwa kupanda ngazi mbio. Wakati huo taa nne zilikuwa zinawaka kwa pamoja, na karani mkuu alikuwa amesimama mlangoni akiuliza kwa nini simu hazipokelewi. Nilivua chombo. Mwenzangu alinyoosha mkono. Chupa ya spiriti ilikuwa pale, sentimita chache kutoka kidole changu, na pamba yake kando.

Nimejiuliza mara nyingi nilichofikiria katika nukta ile. Nilifikiri kwamba nikisema "ngoja nipanguse," nitalazimika kufungua mdomo mbele ya karani mkuu, na nikifungua mdomo nitakohoa. Basi sikusema. Yeye alikichukua, akakivaa, akaketi na kusema, "Habari za mchana," na midomo yake ilikuwa pale pale ilipokuwa yangu asubuhi nzima. Nilichukua mkoba wangu, nikashuka ngazi nikishika ukuta.

Sikumbuki vizuri siku nne zilizofuata. Nakumbuka mama akinibadilishia shuka, na baba akisoma Yasini mlangoni kwa sauti ya chini. Mdogo wangu alitumwa ofisini na barua ya daktari. Nilirudi kazini baada ya siku nane, nimekonda, nikiwa tayari kuambiwa kwamba nafasi yangu haipo. Kumbe nusu ya ofisi ilikuwa imelala nyumbani. Kwenye kiti chetu aliketi karani wa mauzo, mwanamume mzito aliyekuwa anawakatia watu simu kwa bahati mbaya, na aliponiona alivua chombo kwa furaha.

"Mwenzako naye ameanguka," alisema. "Homa yake imeingia mapafuni. Wanasema ni kichomi."

Jumamosi nilikwenda Satellite. Mama alinifungashia machungwa na mkate wa sinia, maana kwetu huendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Nilishuka kituoni nikauliza njia, nikafika kwenye uzio wa miti. Mama yake alitoka, mwanamke mfupi mwenye kitambaa kichwani. Nilimwamkia. Aliunyoosha mkono, kisha akaukumbuka ugonjwa akaurudisha chini ya shuka alilojifunga, na nikaona kwamba kumnyima mgeni mkono kulimuumiza.

"Usiingie ndani," alisema. "Daktari wa hospitali alimpa dawa, akasema watu wakae mbali. Simama kwa dirisha."

Dirisha lilikuwa dogo, la mbao. Mwenzangu alikuwa ameegemezwa kwenye mito, uso umechongoka. Alitabasamu aliponiona. Kila maneno manne alipumzika kuvuta pumzi.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakapotea. Nikasema, "Dada, siku ile nilikuwa mgonjwa. Nilijua. Na sikupangusa."

Nje ng'ombe alikuwa anatafuna, na mama yake alikuwa ameondoka kwenda kuyapeleka machungwa jikoni.

"Nilijua pia," alisema hatimaye.

"Ulijuaje?"

"Nilipopiga kutoka Dagoretti. Hiyo sauti yako ilikuwa imeziba kama mtu ameshika pua." Akapumzika. "Mimi nimefanya hii kazi miaka saba. Ulifikiri siwezi kusikia?"

"Basi kwa nini ulikichukua?"

"Karani alikuwa amesimama hapo. Ningeanza kupanguza, angeuliza. Angekuangalia. Na wewe ulikuwa na wiki moja tu." Alifunga macho kidogo. "Nilifikiri mimi ni mtu wa nguvu. Homa haijawahi kunilaza."

Nilianza kulia pale dirishani. Aliniacha nilie bila kunibembeleza. Kisha akasema jambo ambalo limebaki nami kuliko msamaha wowote.

"Lakini ungeniambia. Ningekichukua tu, hata hivyo. Ila ningekuwa nimechagua na wewe ukijua nimechagua. Sasa nimebeba peke yangu."

Mama yake alirudi na kikombe cha uji, akakipitisha dirishani kwa mkono wake mwenyewe, akamshikia bintiye kichwa anywe.

Jumatatu nilimwendea karani mkuu na kumweleza yote: kikohozi, karafuu, spiriti. Alinisikiliza huku akipanga karatasi zilizokuwa zimepangwa tayari. Nilitaka anifukuze, nadhani. Aliniambia, "Barua yako ya kuthibitishwa iliwekwa saini Ijumaa," akavuta droo na kunipa bahasha. Nilipofika mlangoni aliongeza, bila kuniangalia, "Hapa kila mtu alikuja akiwa mgonjwa siku moja au mbili. Mimi pia." Nilitoka na barua ile mkononi na haikunifurahisha kama nilivyotarajia.

Mwenzangu alirudi mwishoni mwa Septemba. Ugonjwa ulikuwa umepungua mjini, madirisha yamefungwa tena, na meneja ametoka Karen. Aliketi kwenye kiti chetu siku mbili. Siku ya pili, katikati ya kumweleza mteja bei ya plau, pumzi ilimkatikia na akakohoa mpaka mteja akakata simu. Daktari alisema pafu moja limebaki na kovu, lingemsumbua muda mrefu. Kampuni ikamhamishia chumba cha mafaili, mwisho wa ukumbi, mshahara uleule. Walimchukua msichana mwingine kwa zamu ya mchana, na chombo cha pili kikaagizwa, kila mmoja wetu na chake.

Mwenzangu hakuwahi kulitaja tena jambo lile, wala mbele ya watu wala tukiwa wawili. Idi alituma maziwa na ndizi nyumbani kwetu Jamhuri. Krismasi mama alimpelekea maandazi na biriani. Lakini hakuniita tena mtu wa pwani. Aliniita kwa jina langu, kwa adabu, kama mtu anavyomwita mfanyakazi mwenzake. Iliendelea hivyo hadi katikati ya miaka ya sabini, alipoacha kazi akajenga vyumba vya kupangisha kwenye lile shamba.

Saa ya chakula cha mchana nilizoea kwenda kuketi naye kwenye chumba cha mafaili. Kwa kuwa yeye hakuweza kusema sana, mimi ndiye niliyezungumza. Nilimsimulia wateja wa asubuhi: nani amekasirika, nani amenunua trekta, nani amepiga simu ya pili kwa sababu tu ametaka mtu wa kuongea naye. Alisikiliza akikunja ncha za karatasi kwa kidole gumba, na ilipofika kwenye kichekesho alicheka kwa tahadhari, mkono kifuani, pumzi zisimpotee.