Ubao Nilioupaka Nikijua

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo miguu yangu huhisi maji. Nimezeeka, magoti hayanitii, na majina ya wajukuu nayachanganya, lakini siku ile naikumbuka yote, kuanzia asubuhi yake mpaka jua lilipozama nyuma ya milima ya Kongo. Kaa nikusimulie. Ukinicheka sitakulaumu, maana wengi wamenicheka kabla yako.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, na kazi yangu ilikuwa kutengeneza maboti ya mbao na kuyapaka rangi katika mwalo wa Katonga, pale maboti ya uvuvi yanapotia nanga ziwani. Aliyenifundisha ni Mzee Kabwe, mtu mfupi, mkimya, asiyepaka tone la rangi kabla ya kugonga kila ubao kwa mpini wa nyundo na kuusikiliza. "Ubao mzima huitika, Yasini," alikuwa akiniambia. "Uliooza hunyamaza." Ninyi siku hizi mna maboti ya faiba yanayotoka kiwandani yameshapakwa rangi, lakini mbao ndizo zilizotulisha sisi.

Mwaka ule Mzee Kabwe akaugua kifua, akawa wa kitandani. Ndipo akaja mjane mmoja, Mama Godeliva, mwenye boti kuukuu la kuvulia dagaa aliloachiwa na marehemu mumewe. Binti yake Godeliva alikuwa anaolewa Kagunga, kule karibu na mpaka wa Burundi, na mama alitaka bibi harusi apelekwe kwa boti la baba yake.

"Baba yake hayupo wa kumsindikiza," aliniambia. "Basi boti lake limsindikize. Lipake lipendeze, mwanangu."

Safari ilikuwa Jumamosi. Tulikuwa Jumatatu. Nikaenda kumwuliza Mzee Kabwe, naye akaniambia pale pale kitandani, "Nenda kafanye. Ukikwama njoo uniite. Hata kwa kubebwa nitakuja."

Hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuachiwa boti zima peke yangu. Nilikwangua rangi ya zamani kwa furaha, nikiimba. Siku ya tatu nikawa nagonga mbao. Upande wa kushoto, ubao wa tatu kutoka mbele, chini kidogo ya usawa wa maji, nikagonga, ukanyamaza. Nikagonga tena. Kimya. Nikachukua msumari nikauchomeka, ukaingia kama unaingia kwenye muhogo uliochemshwa. Mahali penyewe palikuwa kama kiganja cha mkono tu.

Nilikaa juu ya mchanga nikaupigia hesabu ule ubao. Kuubadilisha kulihitaji siku tatu na mkono wa Mzee Kabwe. Ningelazimika kwenda kumwita, mgonjwa vile, na watu wangesema Yasini bado hajawa fundi. Ningelazimika kumwambia Mama Godeliva aahirishe, na kule Kagunga wakwe walishapika pombe. Basi nikafanya nilichofanya. Nikashindilia matambara yaliyoloweshwa rangi, nikasiliba kwa puti, nikapiga msasa, nikapaka buluu mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka. Nikajiambia: baada ya harusi nitaurekebisha. Mwanangu, jihadhari sana na neno "baada ya". Ni neno laini, linaingia mdomoni bila kutafunwa.

Ijumaa boti lilikuwa linang'aa. Nililitia mstari mweupe ubavuni na jina kwa herufi nyekundu. Akina mama waliokuwa wakianika dagaa waliacha kazi wakaja kulitazama, wakapiga vigelegele. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, lakini nani alikuwa anatazama ndani? Waliposifu, mdomo wangu ndipo ulipozidi kufungika. Mama Godeliva akanishika mkono akasema, "Utasafiri nasi. Utakaa karibu na bibi harusi, watu wamjue fundi." Ningekataa kwa sababu gani?

Jumamosi asubuhi, watu wakiwa wanapakia mizigo, nikamwona Mzee Kabwe anakuja polepole, ameegemea fimbo, amevaa sweta jua likiwa linachoma. Akalizunguka boti. Akaja akasimama mbele yangu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Uligonga mbao zote?"

"Niligonga, Mzee."

"Zote ziliitika?"

Mama Godeliva alikuwa ananitazama huku akitabasamu. Bibi harusi alikuwa anapandishwa. Nikasema, "Zote, Mzee."

Akanitazama machoni. Kisha akasema, "Haya. Mungu awafikishe," akaenda.

Tulikuwa watu kama ishirini. Nahodha aliitwa Bitama, mtu wa Kagunga aliyelijua ziwa kama uani kwake. Ziwa lilitulia, wanawake waliimba nyimbo za Kiha, na mimi nilikaa mbele upande wa kushoto. Sikupangiwa mahali pale. Nilipachagua mwenyewe. Chini ya miguu yangu kulikuwa na magunia ya mchele na godoro jipya la maharusi, na chini ya mizigo hiyo, ubao wangu. Nilikuwa kama mtu aliyekalia nyoka na kuwaambia wageni karibuni.

Tulipokuwa tunapita chini ya milima ya Gombe, upepo ukabadilika. Ukaja kutoka ziwani, ukawa unatupiga upande wa kushoto. Wimbi la kwanza likalifanya boti ligune. La pili. La tatu. Halafu nikahisi ubaridi kwenye kisigino. Nikatazama chini. Maji.

Nikanyamaza.

Haukupita muda, mwanamke mmoja akapiga kelele kwamba kitenge chake kimelowa. Bitama akasema ni mawimbi tu, mkumbe maji. Wakachukua masufuria ya harusi wakaanza kukumba. Lakini maji yalikuwa yanaongezeka kuliko yanavyotoka. Bitama akampa mwenzake usukani, akapiga magoti kule nyuma, akawa anapapasa chini ya injini kutafuta panapovuja. Nami nilikuwa mbele, najua. Watu wote mle walikuwa wanatafuta kitu nilichokuwa nimekikanyaga.

Bibi yake bibi harusi, kikongwe aliyekuwa ameketi karibu yangu, akanigusa goti, akaniita mwanangu kwa Kiha. "Mwana wanje, wewe ndiwe uliyelitengeneza. Maji yanatoka wapi?"

"Sijui, bibi," nikasema.

Mwanangu, nimesema uongo mwingine maishani, na mwingi nimeshausahau. Huo sijausahau. Yule bibi aliniamini. Aligeuza uso, akafumba macho, akaanza kumwita Imana, Mungu wake.

Maji yakafika kwenye vifundo vya miguu. Bitama akasema tupunguze mzigo. Tungeelekea pwani, lakini pale ufuko ni miamba mitupu, na kwa mawimbi yale tungepondeka kama mayai. Wakaanza kutupa. Kabati la vyombo likaenda. Mama Godeliva mwenyewe akabeba sanduku la vitenge vya binti yake, akalitazama mara moja, akaliachia. Lilielea kidogo kisha likazama. Godeliva hakulia. Alikuwa amepandisha gauni lake jeupe magotini, anakumba maji kwa sufuria, anahesabu kwa sauti ya chini kama mtoto anayejifunza namba.

Nikamtazama. Nikaona mambo mawili ninayoyaogopa, kufa maji na kuaibika, na nakuambia kweli, kwa kitambo kile aibu ndiyo iliyokuwa nzito zaidi. Hivyo ndivyo alivyo binadamu aliyezoea kusifiwa. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, na mimi maji yangu yalikuwa yanafika kwenye muundi.

Wimbi kubwa likaja, boti likalala upande, likachelewa kuinuka. Likachelewa sana. Ndipo mdomo wangu ukafunguka.

"Ni hapa!" nilipiga kelele. "Bitama! Ni hapa mbele, kushoto, ubao wa tatu! Umeoza! Niliupaka nikijua!"

Sufuria zote zilisimama. Nilingoja wanirushe ziwani, na nisingewalaumu.

Bitama alikuja akikanyaga mabega ya watu. "Toa mizigo," alisema. Tukavuta magunia na lile godoro, tukayatupa. Matambara yangu yalikuwa yametoka, na maji yalikuwa yanaingia, unene wa mkono wa mtu mzima. Godeliva akaivua shela yake na kanga aliyojifunga, akampa Bitama. Bitama akazishindilia. Akang'oa ubao wa kukalia, akaubandika juu, akaniambia, "Weka mgongo hapo. Miguu isukume mti wa ubavuni upande wa pili. Ukilegea, tumekwisha."

Akawaamuru watu wote wahamie upande wa kulia, ili upande wangu uinuke kidogo juu ya maji. Nikaweka mgongo. Maji baridi yalinipiga kwenye uti kwa muda wote, na misumari ya ule ubao ilinichana, alama zake ninazo. Walikumba, walisali, Waislamu na Wakristo kila mmoja kwa namna yake, nami nilisukuma. Tuliingia Mwamgongo jua likiwa limeinama. Watu walipotunyanyua nje, miguu yangu ilikuwa haijui tena kukunjuka.

Bitama aliniinamia pale mchangani. Hakunitukana. Alisema, "Ungesema tukiwa Katonga, tungekucheka tu. Ungesema maji yalipoanza kuingia, tungefika na mali ya maharusi. Umesema saa ya mwisho, tumebaki na roho."

Mama Godeliva alinipita kama mti unavyopitwa.

Wenyeji waliwafikisha Kagunga kwa boti lao, harusi ikafungwa kesho yake, bibi harusi amevaa kitenge cha kuazima. Mimi sikwenda. Nilibaki Mwamgongo nikisaidiana na Bitama kuliziba boti kiasi cha kutosha kurudi. Tulipofika Katonga nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Kabwe, nikamweleza yote, pamoja na lile neno "zote". Nilitegemea anifukuze. Alikohoa, akanywa maji, akasema, "Kwangua."

"Nikwangue nini, Mzee?"

"Rangi yako. Yote. Mchana, watu wakiwa mwaloni. Na kila atakayekuuliza kwa nini unakwangua rangi mpya, mjibu kama ilivyokuwa. Usipunguze, usiongeze. Ukimaliza, tutabadilisha ubao pamoja."

Ilinichukua siku tisa. Wauza dagaa waliuliza, nikawajibu. Wavuvi waliuliza, nikawajibu. Wapo waliokuja kuuliza mara ya pili ili tu wanisikie tena, wakaondoka wanacheka. Mmoja alitema mate karibu na mguu wangu. Siku mbili za kwanza nilitamani ardhi inimeze. Siku ya tano, mvuvi mmoja mzee alikuja, akanisikiliza hadi mwisho, akakuna kidevu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ukimaliza hilo, njoo ugonge langu." Sikumwelewa. "Wewe sasa," akasema, "ukiniambia ubao ni mzima, nitalala."

Siku ya tisa alikuja Godeliva, akiwa amerudi kumsalimia mama yake. Alisimama akanitazama ninavyokwangua.

"Mwakeye, fundi," akanisalimu.

"Mwakeye, dada."

"Kwa nini unakwangua rangi mpya?"

Nikashangaa. "Dada, si ulikuwemo?"

"Nilikuwemo. Lakini kule ulisema kwa sababu uliogopa kufa. Nataka nikusikie ukisema huku nchi kavu."

Niliweka kikwangulio chini. Nikamwambia, mwanangu, kuanzia msumari hadi "sijui, bibi". Huku machozi yananitoka nikamwambia. Alisikiliza. Nilipomaliza alisema, "Ego, ndiyo. Sasa umesema," akaenda zake kwa mama yake. Jioni ile Mama Godeliva alinitumia sahani ya ugali na samaki, migebuka. Hakuja mwenyewe, na hakunitumia neno. Nilikula yote.

Basi, mwanangu, haya ndiyo ninayokuachia. Kosa sikulifanya kwa kuukuta ubao umeoza. Mbao huoza, ndiyo kawaida yake, na hakuna fundi, wala mzazi, wala kiongozi asiyekutana na kilichooza katika mikono yake. Kosa lilikuwa kuuona na kuupendezesha. Ukiona pabovu katika kazi yako, katika ndoa yako, katika nafsi yako, paseme mapema, wakati kusema kunakugharimu kicheko tu. Mficha ugonjwa, kifo humuumbua. Ukichelewa, sema hata hivyo, usingoje wimbi la pili. Na ukishanusurika, usidhani yamekwisha. Rudi ukaseme tena mahali ambapo hakuna kinachokutisha, maana ukweli unaotolewa na hofu ni wa hofu, bado haujawa wako. Na wewe ukiwa ndiwe uliyekosewa, mpe mwenzako nafasi ya kuusema, kama yule dada alivyonipa mimi.

Mwenyezi Mungu akulinde na sifa usizostahili. Akupe marafiki wa kukuuliza mara mbili, na kifua cha kuwajibu. Azitie baraka kazi za mikono yako, watu wapande ulichokitengeneza na wafike kwao salama. Amina.