Kiti cha Koko na Wajuzi Wake

Usimwamini mtu anayekuambia kwamba hajali vitu vya kwao vitasemwaje na wajuzi. Mimi nimewaona watu wazima, wenye heshima zao, wamejipanga barazani kwa Mwalimu na sahani zao zimefungwa kwenye shuka, roho juu juu kama watoto wanaosubiri majibu ya mtihani.

Mwalimu huyo alifundisha historia katika shule ya sekondari ya Mutsamudu, mji tulimozaliwa, miaka ile ya mwisho ya Wafaransa. Hakuna aliyemteua kuwa mjuzi wa vitu vya kale. Alikuwa na kioo cha kukuzia, tochi ndogo na pua, na pua ndiyo iliyofanya kazi kubwa. Alinusa mbao, alinusa misahafu, alinusa hata majambia. Kisha alifumba macho, kimya, mpaka mwenye kitu anakaribia kulia, ndipo atoe hukumu. Hakutoza chochote, ila ilijulikana kwamba anapenda mkate wa sinia, basi kila nyumba aliyoingia aliukuta umeshaiva. Alikuwa mnene.

Kwetu sisi kulikuwa na kiti. Kilikuwa cha Koko, ndivyo tunavyowaita bibi zetu, mama mzazi wa mama yangu. Alikirithi kwa mama yake, naye kwa mama yake, pamoja na nyumba, maana kwetu nyumba na vilivyomo ni vya wanawake. Kilikuwa kiti cha enzi cha mbao nyeusi, mgongo umenyooka, mikono mipana, kimepambwa kwa vipande vidogo vya pembe. Kilikaliwa siku moja tu, siku bwana harusi wa ndoa kuu, ile harusi yetu ya mji mzima, anapoingizwa nyumbani kwa mkewe. Babu alikikalia siku yake, na baba siku yake. Siku nyingine zote kilifunikwa shuka, na mimi ndiye niliyekifuta vumbi kila Ijumaa asubuhi huku wenzangu wakicheza nje. Nilikichukia, nasema kweli. Nikipitisha kitambaa kwenye nakshi zile nilikuwa nikikitukana kimoyomoyo.

Siku Mwalimu alipokuja kukitazama, Koko alivaa nguo ya Idi. Mwalimu alikipindua kiti miguu juu, akaingiza kichwa chote chini yake, na kwa muda tukawa tunaona makalio yake tu. Mama alinifinya nisicheke. Alipotoka alikuwa na utando wa buibui masikioni.

"Koko," akasema, "kiti hiki kimechongwa mji huu huu, kwa mkono wa fundi aliyekuwa akiitengenezea nyumba ya sultani. Kitunze."

"Najua," akajibu Koko. Lakini alijifuta macho kwa ncha ya shuka aliyojitanda. Alikuwa amelijua jambo hilo maisha yake yote, na bado kulisikia kwa mtu mwenye kioo kulimtia furaha mpya, akawa hakai wala halali.

Jirani yetu naye alileta sanduku lake lenye misumari ya shaba. Mwalimu alinusa, akafumba macho, akasema ni la Bombei na si la zamani sana. Jirani alimnunia Mwalimu, akatununia na sisi, tuliokuwa tumekaa tu tukila mkate wetu.

Kisha tukapata uhuru. Hatujaizoea bendera, serikali ikapinduliwa, na baba, aliyekuwa akifanya kazi posta, akahamishiwa Moroni, mji mkuu, kisiwa kingine. Tukahamia Badjanani, kwenye vichochoro vya karibu na Msikiti wa Ijumaa, na Koko akakubali kuja nasi kwa sharti kwamba kiti kije. Wanaume wa meli walitaka kukishusha chini na magunia. Koko alikataa katakata. Kikakaa juu, kimefungwa kwenye godoro, naye akakaa sakafuni ubavuni mwake njia nzima, amekishika mguu, akitapika kwa adabu ndani ya mkebe.

Moroni alipata watu wapya wa kuwasimulia. Kila mgeni alifunuliwa kiti na kusomewa hukumu ya Mwalimu, na kila mara Koko alitia chumvi kidogo. Fundi wa sultani akageuka fundi pekee wa sultani, na baada ya miezi sultani mwenyewe akawa amemwamkia mama wa mama wa Koko na kumwambia chukua, bibie, hiki ni chako. Mama alimwambia, "Mama, unazidisha." Koko akamjibu kwamba kama hakuwepo anyamaze. Koko mwenyewe naye hakuwepo.

Shida ilianza dada yangu alipoposwa. Koko alikuwa na haja moja tu duniani: mume wa mjukuu wake akalie kiti kile mbele ya watu, kama waume wa nyumba yetu wote. Lakini rais wetu mpya alikuwa mwanamapinduzi, na harusi kubwa zilikuwa zimepigwa marufuku. Hakuna karamu ya mji mzima, hakuna majoho wala dhahabu za kutembezwa. Mitaa ilikuwa mikononi mwa kamati za vijana, wengi wao wanafunzi, na kabla ya ndoa kamati ilikuja nyumbani kuangalia kama hakuna fahari iliyofichwa. Ikasemekana kwamba mtaa wa pili wamelivunja sanduku la mtu likawa kuni. Baadaye sana tulikuja kujua kwamba sanduku lile lililiwa na mchwa na mwenyewe aliona haya kusema. Wakati ule hatukujua. Koko hakulala.

Sasa haja yake ikapungua ikawa ndogo: kiti kisichukuliwe. Kukificha hakukuwezekana, maana ni yeye mwenyewe aliyekuwa amekitangaza kwa Badjanani nzima. Ndipo mama akapata wazo. Mwalimu naye alikuwa Moroni. Serikali ilikuwa imewaachisha kazi watumishi wengi, yeye akiwamo, na sasa alikaa Ikoni, mji wa jirani, kwa nduguye na kuuza ndizi sokoni. Mama alimwendea akamwomba jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwomba: aje mbele ya kamati aseme kwamba kiti chetu hakina maana.

"Siwezi," akasema Mwalimu. "Mimi nina jina."

"Nitapika mkate wa sinia," akasema mama. Mwalimu alitazama ndizi zake. Alikuwa amekonda, maskini, shati linamning'inia mabegani. Akauliza siku gani.

Kumkubalisha Koko kulikuwa kazi nyingine.

"Niseme kiti cha mama yangu ni takataka?"

"Husemi wewe, mama. Atasema Mwalimu. Wewe unyamaze tu."

"Nitanyamaza," akasema Koko, na akajifunga kibwebwe kana kwamba kunyamaza ni kazi ya shamba.

Kamati ilikuja alasiri. Mkuu wao alikuwa msichana, na nilimjua vizuri, kwani tulikaa dawati moja darasani na alikuwa akiazima kalamu zangu bila kunirudishia. Sasa aliingia kichwa wazi, mikono nyuma, wenzake wawili wakimfuata. Hata hivyo alimwinamia Koko na kumwambia "kwezi", ile salamu yetu ya mdogo kwa mkubwa. Mapinduzi yalikuwa yamefuta mengi, lakini asipoamkia wakubwa, mama yake angepata habari.

Mama akafunua kiti. Mwalimu akavuta pumzi, akatoa kioo chake.

Alianza vizuri. Alisema mbao ni za kawaida. Koko akakohoa. Alisema kile si pembe bali mfupa wa ng'ombe. Koko akakohoa tena, safari hii kwa hasira. Alisema kazi ya nakshi ni ya mwanafunzi asiye na mkono mzuri, na nikamwona Koko ameng'ang'ania ncha ya shuka yake mpaka vidole vimebadilika rangi. Nilikuwa nimekitukana kiti kile miaka yote, na sasa nikisikia mtu mwingine anakitukana nilitamani kumpiga kofi.

"Kwa ufupi," akasema Mwalimu, "ni kiti kilichotengenezwa juzi juzi, kumfurahisha Mfaransa fulani asiyejua kitu."

"Muongo wewe!"

Koko alikuwa amesimama. Mama alifunika uso.

"Muongo! Ulikinusa kwangu Mutsamudu! Uliingiza kichwa chako humo chini ukatoka na buibui, ukasema fundi wa sultani! Mkate wangu ulikula, na mwingine ukafungiwa uende nao! Mfaransa gani? Mama yangu alikuwa akikifuta kiti hiki kabla babu yako hajatahiriwa!"

Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa, nikadhani anaona aibu. Alipokiinua, nikaona anatabasamu mpaka meno ya nyuma.

"Koko anasema kweli," akamwambia mkuu wa kamati, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani. "Kila nililosema ni uongo. Hakijapata kupita mbele yangu kiti kama hiki. Nifungeni mkitaka."

Basi tumekwisha, nikajisemea. Msichana yule alikizunguka kiti polepole, akagusa mgongo, akagusa mikono. Kisha akamgeukia Koko.

"Kiti hiki ni cha nani?"

"Changu. Cha mama yangu, na mama yake."

"Na wanaokikalia?"

"Waume. Siku ya kuingia nyumbani."

"Na wewe, Koko, umekikalia lini?"

Koko alikigeukia kiti. Alimtazama mama. Mama akanitazama mimi, kana kwamba mimi nilikuwa na jibu. Sisi sote tulilijua jibu, ila halijapata kutupitia akilini. Alikuwa amekilinda tangu akiwa mwari, amesafiri nacho baharini akiwa sakafuni, na hakuna siku hata moja aliyowahi kuweka mwili wake juu yake.

"Kaa," akasema msichana.

"Mimi?"

"Ni chako."

Koko alijifungua kibwebwe, akanyoosha nguo, akashika mikono ya kiti, akageuka, akajishusha kidogo kidogo kama anayeingia kwenye maji baridi. Akakaa. Miguu haikufika chini. Aliegemea, akajisogeza, akajaribu upande, akarudi. Sote tulisubiri, na Mwalimu alikuwa ameshika kioo chake kifuani.

"Mama wee," akasema Koko hatimaye. "Kumbe kinaumiza hivi!"

Mkuu wa kamati ndiye aliyeanza kucheka. Koko mwenyewe aliendelea kulalamika, hakucheka hata kidogo: mgongo mgumu, ubao wa mbele unakata mapaja, huyu fundi wa sultani alikuwa na ugomvi gani na watu? Na wale wanaume walikaa hapa wamejitutumua wala hakuna aliyesema neno! Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nililia, sijui kwa nini, nikasingizia moshi wa jikoni.

Uamuzi ulitolewa pale pale. Bwana harusi asikalishwe kwenye kiti cha enzi, hilo halina mjadala. Lakini bibi kukaa kwenye kiti chake nyumbani kwake si fahari, ni kukaa tu. Kisha wakaombwa wale mkate, wakala, na Mwalimu alikula kuliko wao wote.

Dada aliolewa kwa chai na vitumbua. Mume alikaa mkekani pamoja na wageni, na Koko akakaa kwenye kiti, mto mgongoni na mwingine chini, akiwatazama watu kutoka juu. Sikupata kumwona ana furaha kama siku ile. Tangu hapo hakukiacha. Alikaa hapo kila siku, utawala ule ukapinduliwa nao, ndoa kuu zikarudi na dhahabu zake zote, yeye yumo kitini, bakuli mapajani, akichambua mbaazi na kumsema kila apitaye.

Sasa kiti kiko kwangu, Mutsamudu, kwenye nyumba ile ile. Mwaka uliopita alikuja mjuzi mwingine, kijana mtaratibu mwenye glavu nyeupe na taa ya kisasa. Hakunusa kitu, jambo lililonivunja moyo kidogo. Lakini nilikuwa nimeoka mkate wa sinia na kuvaa nguo ya Idi, kwa hiyo mnaweza kunicheka. Alikitazama kutwa. Mwisho aliweka kidole kwenye mkono wa kulia wa kiti, pale mbao zilipolika zikawa na kidimbwi cha kung'aa.

"Tazama hapa," akaniambia kwa sauti ya chini. "Hizi ni alama za mikono ya watawala. Kizazi baada ya kizazi."

"Ni mkono wa bibi yangu," nikamwambia. "Alikuwa akichambua mbaazi."

Alinitazama kwa huruma. "Mama, hilo usimwambie mtu. Linashusha thamani."

Nikamkaribisha akae. Alikataa, nikamlazimisha, akakaa. Haukupita muda akaanza kujisogeza, akajaribu upande, akarudi. Nikaingia chumbani nikamletea mto wa Koko.