Bi Haya

Katika karakana ile ya kushona sare za shule, msimamizi mpya alikuwa na jibu moja tu kwa kila jambo: haya. Uzi umekwisha, haya. Umeme umerudi, haya. Paa lingeanguka, pengine angesema haya. Mafundi wakambatiza Bi Haya, na wenye ulimi mkali wakaongeza, "Mwenyewe hana haya ila hiyo ya mdomoni."

Yeye hakujua. Kwa miaka mingi aliketi kwenye cherehani kama wao, akipiga soga na kucheka hadi machozi yakamtoka. Siku tajiri alipompa usimamizi, hofu ilimwingia kwamba wenzake wangemchukulia mchezo. Akajikaza. Akakunja uso, akawa anapita kati ya cherehani mikono nyuma, maneno akiyabana kama anayalipia. "Haya" lilimfaa sana, kwa kuwa lilikuwa fupi na halikumpa mtu nafasi ya kubisha.

Asubuhi moja aliikuta meza ya kukatia haina mtu. Kitambaa cha bluu kilikuwa kimetandazwa, chaki juu yake, lakini mkataji hayupo. Mkataji huyo alikuwa rafiki yake wa chanda na pete tangu enzi za cherehani. Wote walimwita Mkasi, kwa mkono wake na kwa mdomo wake pia. Jana alikuwa na ruhusa. Leo alitakiwa awepo. Shule zilikaribia kufunguliwa, na hakuna mwingine aliyethubutu kukigusa kitambaa kile.

"Mkasi yuko wapi?"

Cherehani zikanyamaza. Kila mtu akapata ghafla kitu cha kutazama sakafuni.

"Nauliza, jamani!"

Mama Vifungo, mkubwa wao kwa umri, akaweka sindano chini. "Mwanangu, si umemfukuza?"

"Mimi? Nimfukuze Mkasi?"

"Juzi alikuomba ruhusa ampeleke mama yake hospitali. Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia haya!"

"Haya ipi?"

Bi Haya akatoa macho. "Haya ni haya, Mama. Haya, nenda."

"Aa, sisi tulisikia ile ya 'haya, nenda uone.' Hata kichwa hukuinua. Ulikuwa unakagua kola."

"Mimi nilisikia ile ya 'haya, kwaheri,'" fundi mmoja akadakia kutoka nyuma.

"Na hamkuniambia?"

"Tungekuambia," alisema Mama Vifungo, "ungesema haya."

Bi Haya akashika njia kwenda nyumbani kwa Mkasi. Sare zingeweza kukatwa na mkono mwingine, hata kama ni kwa kupinda. Rafiki kama yule angempata wapi tena?

Alimkuta uani, anaanua aproni ya kazini kwenye kamba.

"Umeifuata hii?" Mkasi alisema bila salamu. "Nimeifua. Msije mkasema nimeondoka na uchafu wenu."

"Nimekufuata wewe."

"Mimi ulishanimaliza. Mama yangu yuko hoi, nakuomba ruhusa, unanijibu kama unafukuza kuku!"

Bi Haya alikuwa amekuja na utetezi mrefu. Akautazama ule uso uliovimba kwa kukosa usingizi, na utetezi wote ukayeyuka. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mama anaendeleaje?"

Mkasi akakunja aproni taratibu. Swali lile alikuwa amelingoja tangu juzi.

"Afadhali. Homa imeshuka, na leo amekunywa uji."

"Niliposema haya nilikuwa na maana uende, na pole sana. Hiyo pole ikanikwama kooni. Niliogopa mkiniona laini mtanipanda kichwani."

"Tukupande kichwani, wewe? Uliyelia mbele yetu kwa kuchomwa na sindano?"

Sauti ikatoka ndani. "Nani huyo anayeongea na wewe?"

"Ni Bi Haya, mama."

"Bi nani?" msimamizi akaruka.

Mkasi akajiziba mdomo, lakini kicheko kilikuwa kimeshamponyoka.

"Mwambie aingie anisalimie," mgonjwa akasema. "Au na yeye amefukuzwa?"

Hapo Bi Haya akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu asubuhi, labda tangu siku ile alipopewa cheo. Akaingia ndani akicheka, machozi yakimlengalenga.

Kesho yake kitambaa cha bluu kilikuwa kinakatwa. Mchana Mama Vifungo akaja kuomba aondoke mapema.

"Ha..." msimamizi akaanza.

Cherehani zote zikasimama.

Akaiweka kola aliyoishika, akamtazama mama yule usoni. "Nenda tu, Mama, nimekuruhusu. Lakini kwema nyumbani?"

"Kwema, mwanangu. Ni miguu tu, imechoka."

"Pole. Kesho tukuletee kiti kirefu kidogo."

Kutoka kwenye meza ya kukatia, bila kuinua kichwa, Mkasi akasema kwa sauti nzito, "Haya."

Karakana ikaangua kicheko, na aliyecheka kuliko wote alikuwa msimamizi.