Neno Lililotangulia Jina la Baba

Nakumbuka siku moja kwa bega hili la kulia, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka kwa kichwa. Tulibeba jeneza la dada yangu Zuhura kutoka nyumbani kwetu Kibamba hadi makaburini, na njia nzima hakuna aliyenipokea. Wewe umeshakwenda mazishini, unajua inavyokuwa. Watu hugombea jeneza. Ukilishika hatua chache tu, mwenzio anakusogeza ili naye apate thawabu. Sisi tulikuwa wanne: mjomba, mimi, na vijana wawili wa bodaboda tuliowaomba kituoni. Wale vijana hata jina la marehemu hawakulijua.

Umeniletea programu yako ya kliniki ya watoto niikague. Nimeuona ule mstari wa startswith, unaoruka kila jina linaloanza na "Mtoto wa", nikanyamaza. Ukadhani nimezeeka, macho hayaoni. Macho yanaona. Kaa nikueleze kilichoninyamazisha.

Baba yetu, Mzee Salum, alikuwa seremala Manzese, na huko tulikuwa na chama cha kuzikana. Alipofariki tulihamia Kibamba, kwenye nyumba aliyoiacha bila plasta, majirani wachache, lakini chama chetu kikabaki kilekile. Katibu wake alikuwa Mzee Nassor, Mwarabu mwenye duka, aliyezaliwa Manzese na kuzeekea hapohapo. Zamani mtu akifiwa, watu walipigiana simu nyumba kwa nyumba. Halafu Gervas, kijana mpole, mtoto wa mwalimu kutoka Njombe, aliyekuwa akijifunza Python, lugha ya kuandikia programu, pamoja nami, akawaandikia programu. Ukifiwa, unampigia katibu peke yake. Katibu anachagua jina la mwenye nyumba kwenye kompyuta ya dukani, na ujumbe unawafikia wanachama wote. Wazee waliipenda kweli.

Sasa, simu ya baba ilikuwa bado inawaka, maana mama alikataa kuizima. Ujumbe wa chama ukawa unaingia humo: Ndugu Salum, unakumbushwa mkutano. Mama akiusoma, siku hiyo nzima inaharibika. Akamwomba Gervas ausimamishe. Gervas alisikitika, akasema, "Pole mama, hilo niachie mie." Mzee Nassor alikuwa ameshaandika neno Marehemu mbele ya jina la baba, kama tunavyofanya wote. Basi Gervas akaongeza mstari mmoja tu, wa startswith kama wako: jina likianza na Marehemu, liruke, endelea na linalofuata. Akaujaribu, simu ya baba ikanyamaza. Simu ya mama, iliyosajiliwa chini ya jina hilohilo, ikanyamaza pia. Miezi ile mama, kwa kuwa hakuletewa taarifa ya msiba wowote, alikuwa akimshukuru Mungu kwamba amewapumzisha watu na misiba.

Zuhura alikata roho asubuhi, kabla ya chai. Mama akampigia Mzee Nassor. Mzee akabonyeza, kompyuta ikaandika kwamba kazi imekamilika. Na ilikuwa imekamilika kweli, maana jina alilolichagua, Marehemu Salum, liliambiwa lirukwe, likarukwa pamoja na tangazo lake lote, bila lawama wala onyo. Tukatandika mikeka, tukasubiri watu. Adhuhuri ilipopita nilitaka kumpigia mmoja mmoja. Mama akanikataza.

"Taarifa wanayo," alisema. "Sipigi simu kuwabembeleza watu wamzike mwanangu."

Nikamtii. Baada ya alasiri tukambeba, wanne.

Mzee Nassor alifika tukiwa tunafukia. Alikuwa amewasubiri wenzake dukani waje pamoja, kama ilivyo kawaida yao, hadi akachoka akaja peke yake. Akatazama huku na huku, akauliza watu wako wapi. Ndipo akatoa simu yake, akaitazama, na uso ukamshuka: ujumbe alioutuma kwa mkono wake haukumfikia hata yeye. Mimi jioni ile niliwachukia watu wote wa Manzese, mwanangu, na chuki ya msibani haitoki upesi hata ukishajua ukweli.

Kesho yake nilikwenda dukani nimekusudia kumpiga Gervas. Nilimkuta mbele ya kompyuta, kidole kwenye ule mstari. Kulikuwa na nyumba nyingine ya mjane iliyoandikwa marehemu kwa herufi ndogo. Hiyo ilikuwa ikipita bila shida, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Nikaushusha mkono. Mzee Nassor alikuwa amekaa kwenye mfuko wa saruji.

"Aliyekufa ni Salum," alisema taratibu. "Mkewe na wanawe walikuwa hai. Ungeniuliza, Gervas, ningekwambia. Na mie ningepiga simu hata moja, ningejua."

Siku ya tatu Manzese nzima ilihamia Kibamba, na masufuria, na turubai, na vilio. Mama aliwapokea wote kwa adabu. Gervas akapiga magoti mbele yake, akamweleza kila kitu, mpaka lile ombi la simu ya baba. Nilitamani hapo angenyamaza.

"Kumbe ni mimi niliyewazuia," mama alisema.

Tulimwambia sivyo, tukarudia, tukachoka. Hakutuamini. Tangu hapo hadi anaingia kaburini hakumwomba mtu yeyote jambo lolote; hata maji ya kunywa, akiwa hoi kitandani, alijikokota kuyafuata mwenyewe. Gervas alikosea kwa huruma, najua, na mengine yote nimemsamehe. Hilo la maji bado.

Basi sikia, mwanangu. Startswith ni amri nzuri, nami naitumia kila siku. Lakini inazijua herufi tu. Itakujibu ndiyo au hapana, na herufi kubwa, au nafasi moja iliyojipenyeza mbele, inatosha kugeuza jibu. Haiwezi kukwambia nani amekufa na nani bado analala ndani ya nyumba ile. Jambo kama hilo litengee sehemu yake, lijazwe na mtu anayewajua watu. Na chochote programu yako inachokiruka, ikitaje kwa jina, mtu akione, aulize.

Wewe umeona "Mtoto wa Asha", "Mtoto wa Neema", ukadhani ni majina yaliyoandikwa nusu. Hao ni wachanga wa juzi, ambao wazazi wao hawajawapa jina. Mama zao wanasubiri ujumbe wa chanjo, na wataambiwa na nani? Nenda kliniki kesho ukakae na muuguzi, umuulize. Iko Pugu, ni mbali, jua kali, nenda hivyohivyo. Ukirudi, ufute ule mstari mbele yangu.

Mungu akupe akili yenye subira na maisha marefu. Na siku ya kubebwa kwako, aiweke mbali sana, akupe mabega mengi ya kukupokea.