Nguzo Zilizochipua Bengamisa

Siku niliposhuka Bengamisa, mwanangu, nilikuwa nimetoka Bukavu kwa malori matatu na kwa miguu yangu mwenyewe. Karibu na Lubutu tulikaa siku sita tukisubiri lori litolewe kwenye matope, na kutoka Kisangani nilibebwa na toleka, nikishuka kila kilima ili mwenye baiskeli apumue. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, sina mtu. Papa Faustin, mkulima mzee wa pale, akanikopesha kipande cha shamba la ukoo wao. Ndugu zake hawakupenda. Aliwajibu kwamba atanichunga yeye.

Nilipanda mihogo. Mbuzi wa kijiji wakaanza kumaliza majani, na Papa Faustin akaniambia nijenge ua kwa limbali kavu, mti mgumu ambao mchwa hawauwezi. Lakini limbali iko ndani ya msitu, nzito kama chuma, na mimi nilikuwa na haraka, kama nilivyo hadi leo. Kando ya kijito nikaona miti ya utomvu mweupe, imenyooka, panga linaingia kama kwenye mgomba. Kwa siku tatu ua ukasimama.

Mvua zikanyesha, nguzo zikachipua. Nilifurahi hata nikawaita watu waje kuona.

Akaja Tonton Zefirini, mdogo wake Papa Faustin, pamoja na ndugu wengine. Alishika jani moja, akaligeuzageuza.

"Kumbe mugeni iko anapanda miti," alisema. "Kesho atatuonyesha kaburi ya babu yake hapa."

Walicheka. Papa Faustin hakucheka.

"Nilikuambia limbali."

"Ndiyo, papa."

"Alors?"

"Iko muzito, papa. Na iko mbali."

"Kupita Bukavu?"

Niliinamia nguzo ya karibu, nikaanza kuchuma majani yake.

"Bon," alisema. "Hapa kwetu muti ya kukauka inasema: nalima, nitaenda. Muti yenye kuota majani inasema: udongo ni yangu na ya batoto yangu. Miye nilikukopesha, sikukupatia. Ngoa yote leo, ao hawa batangoa, na mihogo yako pamoja."

Niling'oa mbele yao wote. Baadhi ya nguzo zilikuwa zimeshatoa mizizi myembamba, myeupe, na utomvu uliganda mikononi mwangu kwa siku kadhaa. Kesho yake Papa Faustin alikuja mwenyewe na shoka. Tulibeba limbali mabegani, naye alihakikisha tunapita mbele ya nyumba ya Zefirini, polepole.

"Yaya, mukubwa wangu, mugeni wako atakuua," Zefirini alisema.

"Basi saidia."

Akashika ncha moja.

Mihogo yangu ikakomaa. Mwaka wa pili Papa Faustin alichomeka nguzo moja mbichi kwenye kona ya ua. "Hii nimepanda miye," aliniambia. "Bandugu banajua. Ukibaki, utapanda zingine."

Mwanangu, kabla ya kuchagua mti wa ua wako, uliza kwanza udongo ni wa nani. Ikiwa umekopeshwa, tafuta mti mkavu na mgumu, hata ukiwa mbali, maana mwenye shamba anausoma ua wako kila anapopita. Na siku atakapokuchomekea nguzo mbichi kwa mkono wake, kaa chini ufikiri kabla ya kufunga mzigo. Mimi sikukaa. Tangu hapo nimejenga nyua katika miji mingi, zote za mti mkavu.

Asubuhi niliyoondoka, ile nguzo ya konani ilikuwa na majani ya kutosha kumkinga kuku na mvua. Papa Faustin alinifungia mihogo ya kuchemsha. Hakuuliza ninakwenda wapi.

"Mungu akupatie udongo yenye kukubali muti yako," alisema, "na miguu yenye kukubali kubaki."

Toleka ikaondoka, nami sikugeuka nyuma. Baraka ile sikuitumia, mwanangu. Bado nzima. Ichukue wewe.