Chokaa ya Kuyalisha Matumbawe

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Maabara ya Maji hapa Singida Mjini hakunionyesha mizani wala chupa za kemikali. Alinipeleka kwenye jiko la ofisi, akafunua birika la chai, akaniambia nichungulie. Ndani kulikuwa na ukoko mweupe, mgumu, umeganda toka chini mpaka mdomoni.

"Binti, unamwona adui yako?" aliuliza. "Hiyo ni chokaa. Imetoka kwenye miamba, ikayeyuka kwenye maji ya kisima. Ukiyachemsha, inarudi kuwa jiwe. Utastaafu utaiacha."

Nilifanya kazi chini yake, kisha nikahamishiwa Manyoni, baadaye Ikungi kwa Mhandisi wa Maji wa Wilaya, mtu mkavu asiyependa maneno. Siku moja nilimwandikia kwamba maji ya kisima fulani yalikuwa yanang'aa ajabu. Alinirudishia karatasi. "Mama Neema, mashairi utaniimbia siku ya sherehe. Mimi nipe kalsiamu na ualkali."

Vijana wengi hawayajui maneno hayo, basi niyaeleze. Kalsiamu ndiyo kiini cha chokaa. Tuliipima kwa kudondosha dawa tone kwa tone mpaka maji yageuke kutoka wekundu wa zabibu kuwa bluu. Ualkali ni ustahimilivu wa maji, yaani uwezo wa kumeza asidi bila kubadilika tabia. Vyote viwili vikizidi, mabomba yanaziba. Maisha yangu yote ya utumishi nilihangaika kuvipunguza.

Nilipostaafu nilirudi kwetu Unyambwa kufuga kuku. Nilidhani yameisha. Ndipo mwenye hoteli mmoja wa mjini akaja nyumbani, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama. Nimeambiwa wewe ndiye mtu wa maji."

Mama yake, Bi Zuhura, aliletwa Singida akiwa bibi harusi kutoka mwambao wa Tanga. Sasa miguu ilikuwa imekataa, na safari ya kwao haikuwezekana tena. Mwanawe akamwekea pwani ukumbini mwa hoteli: tangi kubwa la kioo lenye matumbawe hai, vipande vilivyooteshwa na wafugaji wenye kibali. Kila asubuhi bibi alikaa mbele yake na tasbihi. Lakini matumbawe yalikuwa yanapauka.

"Ikifika Idi hayajapata nafuu, nazima mitambo," alisema. "Siwezi kumkalisha mama yangu mbele ya maiti."

Nilipoliona lile tangi nilisimama nikasahau hata kuketi. Sisi watu wa bara tunadhani tumbawe ni jiwe. Si jiwe. Ni mnyama, tena maelfu ya wanyama wadogo wanaofumbua vidole laini, wanachota kalsiamu na ualkali majini na kujijengea nyumba. Kile kilichoniharibia mabomba miaka yote, wao walikuwa wanakijengea matawi yenye vitundu vya kupendeza kuliko kazi ya fundi yeyote niliyewahi kumwona. Machozi yalinitoka, sioni haya kusema.

Kisha nikapima. Ualkali ulikuwa juu mno na kalsiamu imeanguka. Nikamwita meneja. Akakiri bila wasiwasi kwamba chumvi ya bahari ya dukani ilipochelewa, alichota maji ya Ziwa Singidani akajazia.

"Si ni ya chumvi, mama? Na bahari si ya chumvi?"

Ni kosa la mtu wa Singida pekee, aliyekua na ziwa la chumvi mlangoni. Lakini ziwa letu lina magadi, ndugu wa yale tunayotia kwenye mlenda. Magadi yaliikamata kalsiamu yote ikaanguka kama unga, ikaganda kwenye pampu. Tuliyabadilisha maji kidogo kidogo, kwa maji yaliyochujwa na chumvi ya kweli ya bahari. Hapo vipimo vikarudi mahali pake. Kilichobaki ni kuchagua namna ya kuyalisha matumbawe kila siku, maana yanapojenga yanamaliza akiba.

Fundi wa Dar es Salaam alipendekeza mtungi wa gesi ya kaboni, unaoyeyusha vipande vya matumbawe makavu na kurudisha maji yake kwenye tangi. Mwenye hoteli aliupenda kwa kuwa unameta. Nikamuuliza, gesi ikiisha ataijaza wapi? Njia ya pili ni vimiminika viwili, kimoja cha kalsiamu na kingine cha ualkali, kila kimoja na pampu yake. Ni njia nzuri, ila umeme ukikatika na kurudi, pampu hupoteza hesabu. Ya tatu ni maji ya chokaa. Unakoroga chokaa safi, si ile ya kupaka ukuta, unaiacha itulie, unachukua maji maangavu ya juu tu. Yanabeba kalsiamu na ualkali pamoja. Ila ni makali. Ukiyamwaga kwa pupa unaua kila kitu. Lazima yadondoke polepole, kufidia maji yaliyokauka na si zaidi.

Kwa hiyo nikaangalia ukaukaji. Nilichora alama kwenye kioo, na kila asubuhi maji yalikuwa yameshuka. Upepo wa Singida, unaotupasua midomo kila kiangazi, ulikuwa unayanywa. Kwa tangi lenye vipande vichache kama lile, nafasi hiyo ya kuongezea maji ya chokaa ilitosha. Nikachagua chokaa, na mrija wa dripu ya hospitali.

"Chokaa?" mwenye hoteli alishangaa. "Mama, si ndiyo unayoipiga vita?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

Ilipokaribia Idi, ncha ya tawi moja ilikuwa na rangi tena, na mbele yake kulikuwa na kichomozo kipya, cheupe, laini. Nilimsogeza Bi Zuhura na kiti chake akaone.

"Unayapa nini, mwanangu?"

"Chokaa, mama."

Tasbihi ikasimama mkononi. "Baba yangu alikuwa mchoma chokaa," alisema. "Kwetu tuliyatoa matumbawe, tukayapanga kwenye magogo, tukayachoma mpaka yawe unga wa kujengea nyumba. Nilibeba kuni zake mimi. Hakuna aliyetuambia kwamba yana uhai." Akanyoosha mkono. "Nipe hicho chombo."

Nilimshikia, akamimina maji ya chokaa kwenye chupa ya dripu bila kumwaga hata kidogo. Tone la kwanza lilipoanguka, aliegemea kioo.

"Haya, kuleni," aliyaambia. "Rudini."

Mwenye hoteli alikuwa amesimama nyuma yetu. Hakuzungumzia tena kuzima mitambo.

Sasa nimestaafu mara ya pili. Bi Zuhura ametangulia mbele ya haki, na asubuhi ni mwanawe anayejaza ile chupa, mwenyewe, kabla hajafungua hoteli. Hapa Unyambwa birika langu limeota ukoko. Wajukuu wanataka kuukwangua. Nawaambia wauache kwanza, waje niwaeleze unavyoweza kuwa kitu hai.