Umebonyeza Mara Ngapi

Kila asubuhi, kabla hajawasha mashine yoyote, mama mdogo hukata kipande cha plasta, ile ya kufungia vidonda, na kukibandika juu ya kitufe cha enta kwenye kibodi ya meza yake. Hukikandamiza kwa kidole gumba, kama vile chini yake kuna kidonda kweli. Kutwa nzima, akitaka kuiruhusu kompyuta ifanye jambo lisilorudi nyuma, hana budi kuibandua plasta kwanza, na anapoibandua husoma tena kilichoandikwa kwenye skrini. Akishabonyeza, huirudisha. Jioni huitupa, na kesho yake hukata nyingine.

Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mama Plasta. Wengi hudhani aliwahi kuwa nesi.

Nilikaa naye miezi minane katika chumba chake cha kazi, nyuma ya duka la vifaa vya ofisi, baada ya kumaliza chuo na kukosa ajira. Kazi yangu ilikuwa kuandika vikaratasi vya gundi: mashine ya nani, imeletwa lini, inalalamika nini. Muda uliobaki nilisoma vitabu kwenye kona, kati ya rafu ya kibodi mbovu na dirisha lisilofunguka. Swali la plasta nilikuwa nalo tangu siku ya kwanza, lakini sikuuliza. Mama mdogo ana hasira za karibu, na mimi si mtu wa kuuliza.

Alikasirishwa na wanaokula juu ya kibodi, na wanaoipiga mashine makofi ili izinduke. Lakini sentensi iliyomtoa moshi ilikuwa moja: "Imekufa yenyewe." Mteja akiitamka, mama mdogo humtazama kwanza, kisha humuuliza, "Ilikuwa peke yake nyumbani?" Mimi sentensi hiyo niliizoea. Hata kwetu ipo. Kompyuta ya mama yangu ilikufa yenyewe mwaka nilioanza darasa la kwanza, ikaondoka na kazi yake ya shahada ya pili iliyobakiza sura moja. Hakuianza tena. Bado anafundisha shule ileile, na kisa hicho hukisimulia bila uchungu, kama mtu anayesimulia mvua ya zamani.

Ijumaa moja, saa nne asubuhi, mdarizi aliingia. Ni mama wa makamo, mteja wetu wa siku nyingi, anayedarizi nembo za shule kwenye masweta. Mashine yake ya kudarizi ina sindano sita na umri wa mwanafunzi wa sekondari. Inatii programu moja tu, na programu hiyo nayo inakubali mfumo mmoja tu wa kompyuta, ule wa zamani ambao waliouunda walishaususa. Nyuma yake alikuja mwanamume aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri, amekumbatia kompyuta.

"Fundi yupo?" aliuliza yule mwanamume, akitazama juu ya kichwa cha mama mdogo kuelekea mlango wa nyuma.

"Yupo."

"Tuitie basi."

"Umesimama mbele yake. Anasubiri uweke huo mzigo chini kabla haujakuvunja mgongo."

Mdarizi alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyelia njiani. "Mama Plasta, huyu ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Ni mtu wa kompyuta ofisini kwao. Juzi mashine ilikataa kuwaka, jana akaja kunisaidia."

"Akakusaidiaje?"

"Nilikuwa naweka mfumo upya tu," shemeji alidakia. "Katikati ya kazi diski ikafa yenyewe. Hizi za zamani ndivyo zilivyo, dada."

Mama mdogo alikuwa ameshika bisibisi. Aliilaza mezani polepole mno, nami nikajua kimeumana.

"Msomi," aliniita, "andika. Inalalamika nini: imekufa yenyewe. Na jina la daktari aliyekuwepo."

Niliinamisha kichwa nikaandika, maana sikujua pengine pa kutazama.

Aliifungua kompyuta, akatoa diski, akaichomeka kwenye kifaa chake kinachosoma bila kuandika. Diski ilizunguka bila kukwaruza wala kugonga. Ilikuwa nzima. Kwenye skrini ilijitokeza ramani yake, jinsi ilivyogawanywa. Kila kipande cha diski mafundi hukiita patisheni, na hapo zilionekana mbili: ya kwanza giga arobaini, ya pili giga tisini na moja, tupu.

"Diski hii ni ya giga mia tatu na ishirini," alisema mama mdogo. "Arobaini hii hapa, tisini na moja hii hapa. Zilizobaki zimekwenda sokoni?"

Shemeji alikohoa.

"Mwenye mali, patisheni ya pili ulikuwa umeweka nini?"

"Nembo," alijibu mdarizi. "Mia sita na kumi na mbili. Kila shule niliyowahi kuishonea, miaka kumi na moja. Nilizichora mwenyewe, uzi kwa uzi. Jumatatu nina masweta mia nne ya shule ya wasichana. Wameniambia nisipoleta wanahamia kwa yule mwenye kiwanda. Wakihama wao, wenzao wote watawafuata."

"Nakala iko wapi?"

Mdarizi alitazama vidole vyake. "Nilikuwa nataka kununua flashi."

"Miaka kumi na moja ulikuwa unataka." Hata yeye hakusamehewa. Kisha mama mdogo akamgeukia shemeji. "Sidii ya kuwekea mfumo uliyotumia unayo?"

Aliitoa mfukoni. Mama mdogo aliisoma, akaitupa mezani kama mtu aliyeshika kitu kichafu.

"Toleo la kwanza kabisa. Sidii hii inajua kuhesabu mpaka giga mia na thelathini na kitu, basi. Kinachozidi hapo haikioni. Ukiipa diski kubwa, patisheni inayovuka mpaka wake inakuandikia kwamba haijulikani. Mtu akiambiwa haijulikani, anasimama, anauliza. Wewe ulifanyaje?"

"Sikufanya kitu. Ilikuja hivyohivyo."

"Umebonyeza mara ngapi?"

"Dada, mimi nina cheti cha haya mambo."

"Kitundike ukutani. Nimeuliza umebonyeza mara ngapi."

Swali lile lilikuwa na maana. Kama alifuta patisheni tu, basi alichana ukurasa wa yaliyomo, na kitabu chenyewe kipo. Kama alitengeneza mpya juu yake, bado kuna matumaini. Kama aliifomati, yaani aliiandaa upya iwe tupu, mpaka mwisho kisha akaanza kujaza mafaili juu yake, basi mdarizi akatafute uzi na sindano ya mkono. Tiba ya kosa moja ingeweza kuharibu kila kitu kama kosa lilikuwa jingine. Mama mdogo aliyaeleza haya yote kwa sauti ya chini, akikaza meno, na kila alipomaliza sentensi alirudia, "Mara ngapi?"

Shemeji alisimama, akajishika kiuno. "Shemeji, tuchukue mashine yetu twende kwa wataalamu. Hapa tunatukanwa."

"Kaa chini," mdarizi alimwambia.

Sikuwahi kuisikia sauti ile kwake. Hata mama mdogo aliacha alichokuwa akifanya.

"Mama yenu anakula nini, shemeji? Dawa zake za presha zinatoka wapi? Kaka yako alipopunguzwa kazini, ni sindano gani zilizotuweka mjini? Unanisikia? Ni hizi sita. Huyu mama anakuuliza swali dogo, la kuhesabu. Mjibu."

Shemeji alikaa.

"Mara tatu," alisema.

"Zitaje."

"Ya kwanza niliifuta ile isiyojulikana. Ya pili nikatengeneza mpya. Ya tatu nikaifomati. Ikaanza kuhesabu asilimia. Ilipofika kumi na nne nikakumbuka kuwa shemeji aliwahi kuniambia nembo zake ziko patisheni ya pili. Nikachomoa waya ukutani."



"Kuchomoa waya," mama mdogo alisema taratibu, "ndilo jambo pekee la maana ulilofanya tangu uiguse hii mashine. Na ndilo ulilolificha. Fomati ya mfumo ule haifuti mwanzoni. Hupita kwanza ikikagua kama diski ni nzima, na kuandika huandika mwishoni. Ilikuwa bado inakagua. Ungesema tangu ulipoingia mlangoni, huyu asingekaa na hofu saa nzima. Ulikuwa unalinda nini?"

"Nilidhani nitaonekana sijui."

"Sasa umeonekana."

Hakuigusa diski yenyewe. Alitoa nyingine yenye ukubwa uleule, akainakili yote kwanza, tone kwa tone, hata sehemu zilizoonekana tupu. Kazi hiyo ilichukua karibu saa mbili, na shemeji hakuruhusiwa kuondoka. Alikalishwa kwenye kigoda karibu na mlango, na kila aliyeingia kuchapisha karatasi alimruka. Mdarizi alikaa karibu yangu akisokota ncha ya kitambaa chake, midomo ikimchezacheza. Baadaye nilitambua alikuwa anataja majina ya shule, moja baada ya jingine, kama anayeita mahudhurio.

Nakala ilipokamilika, mama mdogo alikwenda moja kwa moja mwisho wa diski.

"Njoo uone, Msomi. Na wewe mwenye cheti, njoo. Mfumo huu ukigawa patisheni, huacha nakala ya ukurasa wake wa kwanza mwishoni kabisa. Mwisho wa hii uko giga mia tatu na ishirini. Sidii yake kipofu haikufika huko, kwa hiyo haikupaharibu."

Alishuka mstari baada ya mstari, namba tupu ambazo mimi sikuzielewa, mpaka kidole chake kikasimama kwenye skrini. Ukurasa ulikuwepo. Ulieleza patisheni ilianzia wapi na ilikuwa na ukubwa gani. Alizinakili namba hizo kwenye karatasi, akazisoma kwa sauti mara mbili, akanipa nami nizisome. Kisha akaziingiza kwenye ramani ya ile nakala. Akabandua plasta. Akasoma skrini tena, midomo ikitembea. Akabonyeza.

Patisheni ya pili ilifunguka, na ndani yake mafolda, yamepangwa kwa majina ya shule. Mdarizi alisukuma kiti, akainama mpaka pua ikakaribia kioo, akahesabu kwa kalamu. Hakuamini namba iliyoandikwa chini ya skrini, ile mia sita na kumi na mbili. Alihesabu zote. Kisha akaomba afunguliwe ya shule ya wasichana: kitabu kilicho wazi na taa juu yake, na uzi wa njano kwenye mwali wa taa. Aliitazama muda mrefu.

Mama mdogo hakumpa nafasi ya kushukuru. Alichomoa diski ndogo ya giga themanini kwenye droo, akaweka mfumo wa zamani humo. "Hii mfumo unaiona yote, mpaka kona. Hauna pa kupotelea. Nembo zinakaa kwenye diski nyingine, peke yake, na nakala hii unaipeleka kwa dada yako. Si nyumbani kwako. Kwa dada yako."

Saa kumi mashine ilikuwa tayari. Shemeji alinyoosha shati lake, akasogea. "Dada fundi, naomba radhi."

"Mimi hukunifutia kitu. Geuka. Mwambie yeye."

Aligeuka. "Nilifuta mimi," alimwambia shemeji yake. "Haikufa yenyewe."

Mdarizi alimtazama kama anayepima kitambaa. "Beba mashine, tunachelewa," alisema. "Ukifika nyumbani usiiguse tena, hata kuipangusa vumbi."

Walipotoka nilidhani mama mdogo atatulia, hata atacheka. Hakucheka. Alipangusa meza, akaipangusa tena, akasukuma droo kwa nguvu ikarudi nyuma, akaisukuma tena. "Nilidhani nitaonekana sijui," alirudia kwa kumuigiza yule mwanamume, lakini uigizaji ulimkatikia njiani. Alikaa. Aliingiza ukucha, akaibandua plasta ya siku ile, ijapokuwa saa ya kufunga ilikuwa bado.

Nilikunja ukurasa wa kitabu changu.

"Mama mdogo, hiyo plasta ulianza lini?"

Aliiviringisha plasta kati ya vidole mpaka ikawa kama punje. Hakunitazama.

"Siku niliyobonyeza bila kusoma," alisema. "Ilikuwa diski ya mama yako. Nikamwambia imekufa yenyewe."